Kwa nini mpira wa gofu hupanda ukiupiga kuelekea chini?

Ukitoka Mnazi Mmoja ukafuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kisha ukakata kuelekea baharini, hutembei sana kabla ya kuukuta uwanja wa gofu wa Gymkhana. Wapita njia huona mtu kainamia mpira na fimbo mkononi, wasijue anahangaika na nini. Mara nyingi anahangaika na pigo dogo sana. Mpira uko hatua chache nje ya grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, na anataka uruke kidogo, utue, ubingirike hadi karibu na shimo. Pigo hilo huitwa chipu, na fimbo yake ni weji.

Linaonekana jepesi, lakini ndilo linaloharibu hesabu. Hata wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour hushindwa kufika grini kwa mapigo yanayotakiwa katika takribani theluthi ya mashimo. Hapo chipu ikikaa mita moja kutoka shimoni, umeokoa pigo. Ikikaa mita sita, huenda umelipoteza. Na halitaki misuli: ili mpira utue mita 4 mbele kwa pembe ya digrii 35, unahitaji kuondoka kwa mita 6.5 tu kwa sekunde, mwendo wa bajaji kwenye foleni.

Fimbo ndiyo inayoinua, si wewe

Karibu kila anayeanza hutaka kuuchota mpira kama anayepakua wali. Akili inamwambia: nataka upande, basi niupige kwenda juu. Fizikia inakataa. Uso wa weji tayari umelala nyuma, digrii 46 hivi kwa weji ya kawaida na 56 hivi kwa weji ya mchanga. Mpira na fimbo hugusana kwa takribani nusu ya elfu moja ya sekunde. Kupepesa jicho tu huchukua zaidi ya mara 200 ya muda huo. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kifundo cha mkono "kuusaidia" mpira. Ulichokileta kwenye mguso ndicho utakachopata.

Tatizo la kuchota ni hili: fimbo huzunguka kama bembea, na bembea ina sehemu yake ya chini kabisa. Ukiegemea nyuma, sehemu hiyo nayo inahamia nyuma ya mpira. Hapo ama fimbo inachimba udongo kwanza na mpira unasogea kidogo tu, ama inakuwa imeshaanza kupanda na ukingo wake unaugonga mpira tumboni. Huo wa pili ndio unaopita grini chinichini kama risasi na kuishia ng'ambo.

Dawa: weka uzito zaidi kwenye mguu ulio upande wa shimo na uuache hapo hapo. Mikono itangulie kidogo mbele ya mpira. Kifua kigeukie shimo pamoja na fimbo, na vifundo vitulie.

Kitako cha weji na ukoka wetu

Nyasi ambazo Wazungu huziita za Bermuda hazina asili ya Bermuda. Ni ukoka, na kwao ni Afrika. Ukoka hutambaa na majani yake hulala upande mmoja. Ukipiga kinyume na ulalo huo, ukingo mkali wa weji hunasa.

Ndiyo maana weji ina kitako kilichobonyea chini kuliko ukingo wake. Kinateleza juu ya ardhi kama kigae kinachorushwa juu ya maji. Mmarekani Gene Sarazen alipata umaarufu kwa wazo hili: aliongeza chuma chini ya fimbo yake, na mwaka 1932 akashinda mashindano ya The Open nchini Uingereza akiwa nayo. Lakini ukiisukuma mikono mbele kupita kiasi, unakificha kitako na kuuleta ukingo. "Kidogo" ina maana ya kidogo kweli.

Asubuhi yenye umande, au baada ya mvua, jambo lingine hutokea. Maji yanaingia kati ya uso wa fimbo na mpira, na msuguano unapungua, kama ndala kwenye vigae vilivyolowa. Mpira unazunguka kinyumenyume kidogo tu, kwa hiyo ukitua haushiki breki haraka. Futa uso wa fimbo kabla ya kupiga.

Chagua pa kutua

Usilenge shimo, lenga doa la kutua. Kwa makadirio, kwenye grini tambarare, weji ya kawaida hurusha sehemu moja na kubingirisha mbili. Ya mchanga hugawana nusu kwa nusu. Shimo likiwa mita 9 mbele, doa la weji ya kawaida ni mita 3. Mteremko utabadilisha hesabu, lakini una pa kuanzia.

Kwa mazoezi, kunja taulo uliweke sentimita 20 nyuma ya mpira, na tandika kanga kwenye doa lako. Ukiligusa taulo, umechota. Mpira ukitua nje ya kanga, rekebisha urefu wa bembea, si nguvu. Ila tafuta uwanja wa mazoezi: mpira wa gofu ni mgumu, na bustani ya Mnazi Mmoja ina watu.