Nyuzi za Mwanga katika Ufuatiliaji wa Mabomba Yaliyofukiwa: Kutoka Bomba la Hoima–Chongoleani hadi Mabomba ya Maji ya Wilaya ya Chamwino

Bomba lililofukiwa ardhini hujulikana hali yake kwa dalili za mbali. Njia iliyozoeleka ni kulinganisha kiasi kinachoingia upande mmoja na kinachotoka upande wa pili, pamoja na kusoma shinikizo kwenye vituo vya pampu. Njia hiyo hubaini upasukaji mkubwa. Uvujaji mdogo, ambao kiasi chake hakizidi kosa la kawaida la mita, huweza kuendelea kwa miezi kadhaa bila kuonekana. Na hata unapobainika, mtunza bomba huambiwa tu kwamba kuna upotevu kati ya kituo fulani na kingine. Haambiwi achimbe wapi. Pengo hilo la mahali ndilo linalozibwa na nyuzi za mwanga.

Uzi wa kioo unaotumika ni wa aina ileile iliyomo katika mikongo ya mawasiliano. Tofauti ni kwamba hapa uzi haubebi ujumbe wa mtu. Uzi wenyewe ndio kipimo. Kifaa cha leza kilichopo kituoni hutuma mpigo mfupi wa mwanga, na kila sehemu ya kioo hurudisha mwangwi hafifu. Mwanga husafiri ndani ya kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; hivyo mwangwi unaotoka mita moja mbele zaidi huchelewa kwa nanosekunde 10 hivi. Kwa kupima ucheleweshaji huo, kifaa hutambua kila mwangwi umetoka mita ya ngapi. Mpigo mwingine hautumwi mpaka mwangwi wa mwisho urudi. Kwa uzi wa kilomita 50, safari ya kwenda na kurudi huchukua nusu ya milisekunde, na kwa hiyo mipigo haiwezi kuzidi 2,000 kwa sekunde.

Mwangwi huo una sura tatu. Mtawanyiko wa Rayleigh hubadilika uzi unapotikiswa hata kidogo sana, nao hutumika kusikiliza mitetemo. Mtawanyiko wa Raman, uliogunduliwa mwaka 1928, hubeba habari za halijoto. Mtawanyiko wa Brillouin huhamisha masafa ya mwanga kwa kiasi kinachotegemea halijoto na mnyambuko wa kioo kwa pamoja, na hapa pana mtego: badiliko la nyuzijoto moja hutoa ishara inayofanana na ile ya kioo kunyambuka kwa takriban sehemu 20 katika milioni za urefu wake. Mpimaji anayetaka kutenganisha mambo hayo mawili hulaza nyuzi mbili katika mkongo mmoja, mmoja ukiwa huru ndani ya kijimrija chake ili uhisi joto tu, mwingine ukiwa umebanwa ili unyambuke pamoja na udongo.

Mfano mkubwa wa karibu ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, na katika Mkoa wa Dodoma bomba hupita wilaya za Chemba na Kondoa, kaskazini mwa Chamwino. Mafuta ya bonde la Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda katika halijoto ya kawaida; kwa sababu hiyo bomba limevikwa kizuia joto na kuwekewa mfumo wa umeme wa kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzijoto 50. Mkongo wa nyuzi za mwanga ni sehemu ya usanifu wake. Kwa mtazamo wa upimaji, bomba la namna hii ni jepesi kulinda. Mafuta ya moto yakivuja hupasha udongo unaolizunguka, na uzi uliolazwa kando huonyesha doa la joto ambalo halina maelezo mengine. Kama kila kifaa husoma kilomita 50 kila upande, vituo 15 vingetosha kwa njia nzima.

Ni kosa, hata hivyo, kuhamisha hoja hiyo moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji. Mpango wa Bwawa la Farkwa wilayani Chemba umekusudia kufikisha maji katika Jiji la Dodoma na wilaya za Chemba, Bahi na Chamwino, na mtandao wa namna hiyo hudai mabomba marefu yanayokatiza ardhi kame. Maji hayapashwi. Halijoto yake hukaribiana na ile ya udongo, na katika baadhi ya miezi huenda zikalingana kabisa. Wapo wanaopendekeza kutazama jinsi udongo uliolowa unavyopokea joto la mchana tofauti na udongo mkavu. Pendekezo hilo linafaa juujuu ya ardhi tu: wimbi la joto la kila siku hupungua hadi takriban theluthi kila linaposhuka sentimita 10 hadi 15, na kwenye kina cha mita moja, ambako mabomba makuu hulazwa, halibaki na nguvu ya kupimika. Inayobaki ni njia ya kupasha mkongo wenyewe kwa umeme kwa muda mfupi na kuangalia unavyopoa. Udongo uliolowa huuondolea joto upesi. Njia hiyo ni sahihi, ila inahitaji umeme kando ya bomba, jambo ambalo vijiji vingi haviwezi kulibeba.

Kwa maji, basi, tegemeo kuu ni kusikiliza. Maji yanayotoka kwa shinikizo kupitia ufa hutoa mtetemo wa mfululizo. Mabomba ya plastiki hufifiza sauti hiyo haraka kuliko chuma, kiasi kwamba kisikilizio kilichofungwa kwenye vali ya mbali hakiipati; uzi unaoandamana na bomba mita kwa mita huwa karibu na ufa popote utokeapo.

Udongo wa Chamwino una neno lake katika jambo hili. Mvua za uwanda wa kati hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Katika maeneo ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba unapolowa. Nyufa zikifika kwenye mtaro, mkongo huachana na udongo na mtetemo haufiki vizuri, nacho ni kipindi ambacho kila lita ya maji ina thamani zaidi. Mvua za kwanza zikinyesha, udongo huvimba na kuvuta mkongo, na kipimo cha mnyambuko huonyesha msukosuko njia nzima hata pasipo kasoro yoyote. Mnyambuko huo haupaswi kupuuzwa wote. Uwanda huu unakatwa na mipasuko ya ardhi, ikiwemo ile ya Bubu na Hombolo, na bomba linaloivuka linastahili kupimwa kwa uzi uliobanwa.

Kisha kuna kelele. Reli ya kisasa inapita wilayani na ina kituo Igandu. Treni hutikisa ardhi kwa nguvu inayofunika kila kitu kwa dakika chache. Hilo ni rahisi kulichuja, kwa kuwa treni ina ratiba. Ng'ombe hawana. Kundi linalokwenda kunywa maji jioni, mkokoteni wa punda na jembe la mkulima anayelima juu ya njia ya bomba ni sauti ambazo programu zilizofunzwa katika nchi nyingine hazijawahi kuzisikia, nazo zitaziita uchimbaji haramu. Programu inapaswa kufunzwa upya kwa sauti za mahali. Ni vema pia ikumbukwe kwamba uzi unaotambua hatua za ng'ombe hutambua za watu, na wakazi wanaoishi juu yake wana haki ya kuelezwa.

Gharama hugawanyika kwa namna isiyo sawa. Mkongo wenyewe ni sehemu ndogo ya bei ya kulaza bomba, iwapo utawekwa mtaro ukiwa wazi. Bomba la TAZAMA, la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, kabla ya teknolojia hii kuwapo. Kuliongezea uzi kando yake kunamaanisha kuchimba upya. Kifaa cha leza ndicho ghali, lakini chaweza kununuliwa baadaye, au kimoja kikahamishwa kutoka bomba moja hadi jingine kwa zamu. Uamuzi usioweza kuahirishwa ni wa mtaro tu.

Ugumu mwingine ni wa kitaasisi. Maji vijijini yamo chini ya RUWASA, na uendeshaji wa kila siku hufanywa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, ambavyo hutegemea makusanyo ya vituo vya kuchotea. Chombo cha aina hiyo hakiwezi kuajiri msomaji wa mwangwi wa leza. Kinachoweza kufanyika ni usomaji kuwekwa kwenye ngazi ya mkoa, na fundi wa kijiji apokee kwa simu namba ya mita anayotakiwa kuchimba. Ikiwa namba hiyo itamdanganya mara tatu mfululizo, mara ya nne hataondoka nyumbani. Kwa sababu hiyo kipande cha majaribio kinahitaji vali ndogo za kumwaga maji kwa kiasi kinachojulikana, zifunguliwe mwezi Oktoba udongo ukiwa umepasuka, na tena Februari ukiwa umelowa, ili kiwango cha kengele kiwekwe tofauti kwa kila msimu.