Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Mzazi wa Mogitu, maji meupe kabisa yanaweza kuwa na floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Manyara ni kati ya mikoa inayosumbuliwa nayo. Haionekani, na ukichemsha, mvuke unaondoka, yenyewe inabaki. Kuchemsha ni dawa ya vijidudu tu.

Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Yakiota na madoa ya kahawia, mswaki hauyatoi.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo ni cha maabara. Sampuli hubebwa kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo. Kisima kipya kikichimbwa, iombeni kamati ya maji karatasi ya majibu kabla ya kushangilia. Kwa uji wa mtoto, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchemshwa ni nafuu.