Yatima Mwenye Mama

Ada ya Desemba twaijua sote. Shule hufungwa, nao wahisani hufunga safari kuelekea kwenye makao ya mayatima, wakiwa na magunia ya unga, sukari, sabuni na mablanketi. Nyimbo huimbwa, picha hupigwa, kisha magari huondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ole wetu, ifikapo Januari mwenyeji huyu huwa angali na maradhi yale yale.

Nililibaini hilo nilipoandamana na wanafunzi wangu hadi kituo kimoja viungani mwa Nairobi, kinachowatunza mayatima pamoja na akina mama wanaolea watoto peke yao. Ghala lilikuwa na sukari ya miezi kadhaa. Hata hivyo, msimamizi alitueleza kuwa kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa, maji ya mfereji yalikuwa yamekatwa, na walezi wawili walikuwa wamekwenda kutafuta riziki kwingine. Vyerehani vilivyokusudiwa kuwafunza akina mama ushonaji vilikuwa vimefunikwa, kwani hapakuwa na vitambaa wala mwalimu. Ni nadra, alisema, kumpata mhisani apendaye kupigwa picha akilipa ankara ya maji.

Kazi yangu ni lugha, nayo lugha ina ushahidi wake katika jambo hili. Neno yatima tulilipata kutoka Kiarabu, ambamo humtaja mtoto aliyefiwa na babake. Siku hizi twamwita yatima takriban kila mtoto aishiye katika makao, hata kama mamake yu hai, akiwafulia watu nguo mitaa ya jirani. Yatima humiminiwa huruma. Mamake humiminiwa kejeli, akaulizwa nani alimtuma kuzaa. Tumewatenga kwa maneno, kisha tukawatenga kwa vitendo. Mama hutambua kuwa mwanawe atakula na kusoma iwapo tu atamwacha langoni na kwenda zake.

Hii ndiyo thamani ya kituo kinachompokea mama na mwana pamoja: humzuia mtoto asifanywe yatima na umaskini. Na hii ndiyo sababu ya kusikitika kinapodhoofika.

Sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi, na kuwabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Mnamo 2004 serikali ilianzisha mpango wa kuzipa fedha familia zinazolea mayatima na watoto wanyonge. Kwa miaka mingi fedha hizo zimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha katika familia watoto walio makaoni. Nia hiyo ni njema. Lakini mtoto atarejeshwa wapi ikiwa mamake hana chumba wala kazi? Cherehani kile kilichofunikwa ndicho daraja la kumrudisha nyumbani.

Walimu wenzangu, kabla ya kuwapeleka wanafunzi katika vituo hivi, tuandike barua tuulize kinachopungua. Huenda jibu likawa si sukari bali sehemu ya mshahara wa mlezi, au vitambaa vya muhula mmoja. Wanafunzi nao wana hazina isiyohitaji gunia: wapo akina mama walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, ambao wangefurahi kufundishwa hesabu au insha kila Jumamosi.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Waama, hakuna moyo upigao mara moja kwa mwaka, kila Desemba, ukasemekana kuwa u hai.