Mpira wa wavu: tujue sheria za wavuni, ugomvi uishe



Mwezi huu tunaongea juu ya mchezo unaokusanya watu wengi uwanjani jioni: mpira wa wavu, au voleboli kama wengi wetu tulivyozoea kusema. Uzuri wake tunaujua. Unahitaji mpira mmoja, wavu mmoja na uwanja mdogo, na wasichana na wavulana wote wanaupenda. Lakini tunajua pia vile unavyoharibika. Kijana anaruka, anapiga smashi. Mmoja anapiga kelele, "Umegusa wavu!" Mwingine anajibu, "Sikugusa!" Wa tatu anasema, "Hata kama amegusa, inaruhusiwa." Watazamaji wanaingia uwanjani, mechi inakufa. Kesho yake vijana wa kijiji hiki hawasalimiani na vijana wa kijiji kile kwenye bomba la maji.

Ndugu wasomaji, huu ugomvi si wa lazima. Ukisikiliza vizuri, utakuta mara nyingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja anasema sheria aliyofundishwa, lakini walifundishwa miaka tofauti.

SHERIA ZIMEBADILIKA

Baba aliyecheza akiwa sekondari miaka ya 1990 alifundishwa kwamba mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha, ni kosa. Siku hizi si kosa: mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na kuangukia upande wa pili, mchezo unaendelea.

Na kuhusu mchezaji kugusa wavu, mambo yamebadilika mara mbili. Zamani mchezaji akigusa wavu wakati anacheza mpira, lilikuwa kosa. Kuanzia mwaka 2009, Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, lililegeza: kugusa wavu sehemu ya chini hakukuwa kosa kama hujamzuia mpinzani, ila ule utepe mweupe wa juu ulibaki mwiko. Halafu mwaka 2015 sheria ikarudishwa: wavu wote, juu mpaka chini, hauguswi na mchezaji aliye katika kucheza mpira.

Sasa mnaona? Kijana aliyejifunza mwaka 2011 na kijana aliyejifunza mwaka 2018 wanaweza kubishana mpaka usiku, na kila mmoja ana haki yake. Dawa ni moja: wote tufuate sheria ya sasa.

WAVU ULIWEKWA JUU YA NINI?

Mchezo huu ulianzishwa mwaka 1895 huko Holyoke, Marekani, na William G. Morgan, aliyekuwa anasimamia michezo. Alitafuta mchezo wa watu wazima ambao mpira wa kikapu uliwachosha na kuwagonganisha. Akatenganisha pande mbili kwa wavu, watu washindane bila kugongana.

Tukumbuke hilo, maana sheria nyingi za wavuni zina mizizi miwili tu. Mzizi wa kwanza: kila timu iachiwe nafasi ya kucheza mpira upande wake. Mzizi wa pili: mtu asiumizwe. Ukiishika hii mizizi, hata sheria usiyoikumbuka utaielewa haraka.

KUPIMA WAVU

Kwa wanaume, wavu una kimo cha mita 2.43. Kwa wanawake, mita 2.24. Kimo kinapimwa katikati ya uwanja, si kwenye nguzo. Kamba ikilegea, katikati panashuka, na hapo smashi zinakuwa rahisi na malalamiko yanaanza.

Kama hamna futi ya kupimia, azimeni kwa fundi seremala siku moja tu. Chukueni mwanzi ulionyooka, wekeni alama mbili, moja kwa kila kimo. Huo mwanzi unabaki kipimo chenu cha kila siku. Kwa watoto, teremsheni wavu mpaka waweze kuuvusha mpira bila kuteseka.

Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Chini ya wavu unapita mstari wa katikati, na mita 3 kutoka mstari huo, kila upande, kuna mstari wa mbele. Majivu yanatosha kuchora yote. Msitumie kamba iliyofungwa chini kwa vigingi, itakwaza watu.

Juu ya kila mstari wa pembeni, wavuni, panawekwa antena: kijiti kinachopanda sentimita 80 juu ya wavu. Sisi tunaweza kufunga fimbo nyembamba isiyo na ncha kali. Mpira wa kushambulia lazima uvuke katikati ya antena mbili. Ukigusa antena, ni kosa. Bila antena, kila mpira wa pembeni utaleta kesi.

KUGUSA WAVU

Sheria ya sasa ni hii: ni kosa mchezaji kugusa wavu, katikati ya antena mbili, akiwa katika tendo la kucheza mpira. Tendo hilo si kupiga tu. Linaanza kwenye kuruka, linapita kwenye kupiga au kujaribu kupiga, na linaisha akishatua vizuri chini. Kwa hiyo yule anayesema "nilikuwa nimeshapiga, ndipo nikagusa" hajajitetea. Kama alikuwa bado anatua, ni kosa. Na aliyeruka kuzuia akaukosa mpira lakini akagusa wavu, naye amekosa, juu ya kuwa alijaribu.

Ila kuna mambo matatu ambayo si kosa. Kwanza, mpira ukipigwa kwenye wavu, wavu ukasukumwa na kumgusa mchezaji wa upande wa pili, yeye hana kosa, wavu ndio umemfuata. Pili, mchezaji aliye mbali na mpira, asiyeucheza, akigusa wavu kidogo bila kumzuia mtu na bila kujipatia faida, mchezo unaendelea. Tatu, kugusa nguzo au kamba nje ya antena si kosa kama hakuharibu mchezo wa wengine.

Kushika wavu, kuuvuta au kuuegemea ili usianguke, hilo ni kosa siku zote.

MIKONO JUU YA WAVU

Hapa ndipo kelele ni nyingi kuliko pote. Anayepiga smashi lazima aguse mpira ukiwa upande wake. Akishaupiga, mkono wake unaweza kufuata mpaka upande wa pili, haina shida.

Anayezuia kwa ukuta wa mikono anaruhusiwa kuvusha mikono na kugusa mpira upande wa mpinzani. Lakini asubiri! Mpinzani kwanza amalize shambulio lake. Kama yule wa upande wa pili bado anapandisha mpira kwa ajili ya mwenzake, wewe ukaupokonya juu ya wavu, umeingilia haki yake. Ni ule mzizi wa kwanza.

Mpira wa kuanzisha hauzuiwi kwa ukuta. Pia huruhusiwi kuupiga smashi moja kwa moja ukiwa ndani ya mstari wa mita 3 na mpira wote uko juu kuliko wavu.

Wachezaji wawili wakisukumana mpira juu ya wavu kwa wakati mmoja, mchezo unaendelea. Mpira ukiangukia ndani, timu ya upande ulipoangukia inaweza kuucheza na ina miguso mitatu mipya. Ukiangukia nje, mwenye kosa ni timu ya upande wa pili. Kwa mfano, umetoka nje upande wa timu A: kosa ni la timu B, ndiyo iliyousukuma huko.

MIGUU CHINI YA WAVU

Wazazi, someni hapa kwa makini. Kifundo cha mguu kinateguka kirahisi sana chini ya wavu: mmoja anaruka kupiga, mwingine anaruka kuzuia, mmoja anatua juu ya mguu wa mwenzake. Kwa kijana anayebeba maji na kuni za nyumba nzima, mguu ulioteguka ni mzigo kwa familia yote.

Sheria inasema mguu unaweza kugusa upande wa pili, mradi sehemu ya huo mguu bado iko kwenye mstari wa katikati au juu yake. Mguu ukivuka mzima, ni kosa. Mkono, goti au sehemu nyingine ya mwili ikigusa chini upande wa pili, si kosa kama haikumzuia mpinzani. Kwa hiyo aliyeanguka akaweka kiganja ng'ambo kujizuia, msimzomee.

Lakini hata pale sheria inaporuhusu, tuwafundishe vijana kuruka juu, si kuruka mbele. Anayeruka mbele atatua kwa mwenzake. Waalimu, mazoezi ya kuruka na kutua mahali pale pale yafanyike kabla ya mazoezi ya smashi.

MPIRA KWENYE WAVU, NA MIGUSO MITATU

Mpira uliogonga wavu kwenu haujafa. Mnaweza kuuokoa kama bado mna mguso kati ya ile mitatu. Mwenye akili anainama, anasubiri mpira ushuke kutoka wavuni, ndipo anauinua. Mpira ukipasua wavu au kuuangusha, pointi inarudiwa. Nyavu zetu zilizoshonwa shonwa, hii sheria tutaihitaji!

Mguso wa ukuta hauhesabiwi. Mpira ukigonga mikono ya anayezuia ukarudi kwao, timu bado ina miguso mitatu kamili, na hata yule yule aliyezuia anaweza kuugusa wa kwanza.

Wachezaji watatu wa nyuma hawaruhusiwi kujenga ukuta wavuni. Smashi wanaweza kupiga, ila waruke kutoka nyuma ya mstari wa mita 3. Wakishapiga, wanaweza kutua mbele.

NA WANAOCHEZA WAMEKAA?

Tuna vijana waliopoteza miguu au wasioweza kusimama. Mchezo huu ni wao pia. Mpira wa wavu wa kukaa una uwanja wa mita 10 kwa 6, na wavu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Wakati wa kucheza mpira, kiwiliwili lazima kiguse chini; kunyanyuka ni kosa. Na kuna tofauti moja tamu: hapo mpira wa kuanzisha unaruhusiwa kuzuiwa wavuni.

Mwaka 2012, timu ya wanaume ya Rwanda ilicheza mchezo huu kwenye Paralimpiki ya London, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Ndani yake walikuwemo watu waliokuwa askari wa pande mbili zilizopigana, sasa wamekaa upande mmoja wa wavu. Wanawake wa Rwanda nao walifika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016.

Wasichana wetu nao wasikate tamaa. Timu ya wanawake ya Kenya imefika Olimpiki za miaka ya 2000 na 2004, ile ya Tokyo iliyochezwa 2021, na ya Paris 2024.

KABLA YA FILIMBI

Tunawaomba viongozi wa michezo na wazazi wafanye haya:

1. Kabla ya mechi, timu zote mbili zikae dakika tano, zisomewe sheria za wavuni. Atakayesema "sisi tulijifunza vingine" aseme wakati huo, si katikati ya mchezo.

2. Waamuzi wawe wawili. Wa kwanza asimame juu ya kitu imara, kichwa kiwe juu ya wavu, aone mikono. Wa pili asimame chini upande mwingine, aangalie wavu na mstari wa katikati. Mmoja peke yake hawezi kuona juu na chini kwa pamoja.

3. Kapteni peke yake ndiye anaongea na mwamuzi, na anauliza maelezo kwa heshima. Wengine wanyamaze.

4. Aliyegusa wavu ainue mkono mwenyewe. Sheria haimlazimishi, lakini timu yenye watu kama hao hakuna anayeogopa kucheza nayo.

5. Wazazi mlioko pembeni, msiingie uwanjani. Mtoto akiona baba yake anamtukana mwamuzi, atajifunza hilo haraka kuliko smashi.

Ndugu zetu, hapa kambini tumetoka sehemu nyingi, na kila mmoja amekuja na namna yake ya kucheza. Uwanja ni mmoja. Kateni ukurasa huu, ubandikeni pale vijana wanapokutana, na mzee anayejua kusoma awasomee wasiojua. Kama kuna swali la sheria ambalo bado linawagombanisha, liandikeni mlilete kwetu, tutalijibu kwenye toleo lijalo.

Tunawatakia michezo mema.