Doa Jeusi Kwenye Korodani: Kovu au Saratani?

Mpimaji wa ultrasaundi huona vivuli. Kisa cha kivuli anacho mgonjwa. Ndiyo maana mwanamume aliyetolewa mbegu kwa upasuaji ili mkewe apandikizwe mimba anaweza kwenda kupimwa maumivu madogo ya kinena, akarudi na karatasi inayotaja uvimbe kwenye korodani.

Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mbinu ya kudunga mbegu moja ndani ya yai. Baadaye hata wanaume ambao manii yao hayana mbegu wakapata njia: daktari huchoma sindano kwenye korodani, au huipasua na kukata vipande vya nyama, na maabara huzitafuta mbegu humo. Mwaka 1999 daktari Peter Schlegel wa New York alieleza jinsi ya kufanya hivyo kwa darubini ya upasuaji, nyama ikatwe kidogo na mishipa ya damu isiguswe.

Lakini kidonda ni kidonda. Korodani imefunikwa na utando mgumu usiotanuka. Damu ikivuja ndani huvilia, na kwenye skrini hutokea doa jeusi. Katika utafiti wa Schlegel na mwenzake Li-Ming Su wa 1997, wanaume 14 kati ya 17 waliopimwa miezi 3 baada ya upasuaji walikuwa na alama za namna hiyo. Kufikia miezi 6 kwa kawaida zilikuwa zimepona, zikiacha mistari ya makovu au chembe za chokaa.

Kwa hiyo muda ni kipimo pia. Doa linalosinyaa, lisilopitisha damu ndani yake, huelekea kuwa kovu. Linalokua, lenye mishipa yake, linahitaji vipimo vya damu vya saratani na jicho la daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Wala lisipuuzwe kwa kisingizio cha kisu, maana wanaume wenye tatizo la mbegu wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya korodani kuliko wengine. Picha iliyopigwa kabla ya upasuaji, ikitunzwa, humaliza ubishi mwingi.

Mficha uchi hazai, na mwanamume huyu hakuuficha kwa daktari wa uzazi. Asimfiche basi mpimaji: aseme alipasuliwa lini, upande gani, kwa sindano au kwa kisu.