KONGOTI NA KANJO: NI NANI ANAYEPASWA KUJIBU?

Ukimtaja kongoti hapa shuleni wengi watashika pua. Huyu ndiye yule ndege mrefu mwenye kipara na mfuko shingoni, ambaye mtaani tunamwita marabu. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini ndege huyu huja mjini, sheria inasema nini, na jinsi tunavyoweza kuwauliza wakubwa wa mji kuhusu kazi yao.

Kwanza tumjue. Kongoti akisimama hufika kimo cha mita moja na nusu hivi. Hula mizoga, samaki, wadudu na makombo yetu. Kipara chake kina sababu, kwani kichwa kisicho na manyoya hakichafuki sana kikiingia ndani ya mzoga. Ule weupe wa miguuni ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili apoze mwili wakati wa jua kali. Mnaocheka chekeni, lakini hayo ni maumbile.

Ndege hawa hujenga viota kwa pamoja juu ya miti mirefu, hasa wakati wa kiangazi. Jijini Nairobi wamejulikana kwa miaka mingi kwenye migunga iliyo karibu na uwanja wa Nyayo. Jike hutaga mayai 2 au 3, ambayo huatamiwa kwa siku 30 hivi. Kisha makinda hukaa kiotani miezi 3 hadi 4 kabla ya kuruka. Yaani, tangu yai hadi kuruka ni muhula mzima na zaidi.

Sitaficha ukweli: kongoti huchafua. Mama mboga anayeuza chini ya mti wao ana haki ya kulalamika. Lakini je, wamefuata nini mjini? Wamefuata takataka! Na kuzoa takataka ni kazi ya serikali ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Kongoti wakijaa mjini, hiyo ni ripoti ya muhula kwamba kuna aliyefeli somo la usafi. Kuwafukuza ndege na kuliacha jaa ni sawa na kuchana ripoti badala ya kusoma.

Muhula wa kwanza mwaka huu, makanjo walikuja karibu na shule na msumeno wa injini, wakaangusha migunga miwili yenye viota. Sisi wanafunzi wa kutwa tulipopita saa kumi tukienda nyumbani, tulikuta makinda chini, wengine wamekufa, wengine wakigongagonga midomo. Hatukuwa tumeona notisi yoyote. Tulipouliza tukajibiwa, "Ni amri kutoka juu." Juu wapi? Hakuna aliyetuambia. Sasa imebaki migunga mitatu.

Wanyamapori si mali ya kanjo. Wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na shirika lenye jukumu hilo ni KWS. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali iwahusishe wananchi katika kutunza mazingira. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini kuyatetea bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Hili ni jambo kubwa, maana ndege hawezi kushtaki! Tena, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu katika muda wa siku 21.

Wengine watasema kanjo hawasikii. La hasha! Mwaka 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya Expressway jijini Nairobi, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa ukatwe. Watu walipiga kelele, na amri ikatolewa usiguswe. Barabara ilijengwa vivyo hivyo.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu, pamoja na mwalimu mlezi, kiiandikie kaunti barua yenye maswali manne. Nani alitoa amri, na sababu zake zimeandikwa wapi? Je, KWS waliulizwa? Kwa nini kazi hiyo haikungoja makinda waruke? Na lile jaa la nyuma ya soko litazolewa lini? Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yetu igongwe muhuri wenye tarehe, ili kesho mtu asije akadai hakuiona.

Hatuombi kongoti wapendwe. Tunaomba anayekata mti ajulikane na atoe sababu. Karibuni mtie sahihi kabla shule hazijafungwa, maana kiangazi kikifika mayai yatatagwa tena juu ya ile migunga mitatu.