MNUNUZI WA DUKA NA MPANGAJI ALIYEMKUTA

Mji wa Isiolo ni lango la kwenda kaskazini ya Kenya. Tangu barabara ya lami kufika Moyale, na uwanja wa ndege kufunguliwa mwaka wa 2017, watakao kununua nyumba na viwanja hapo wamekuwa wengi. Na kila jengo linunuliwapo na mpangaji yumo ndani, huzuka swali: je, mwenyeji mpya aweza kupandisha kodi mara moja?

Tuseme mtu amenunua duka ambalo mpangaji wake hulipa shilingi 8,000 kwa mwezi. Mnunuzi ana deni la benki, naye adai shilingi 15,000 tangu mwezi ujao. Mpangaji ana watoto shuleni, na wateja wamekwisha kuuzoea mlango wake. Kila mmoja aona haki ni yake.

Jawabu limo katika sheria ya mwaka wa 1965 ihusuyo maduka, hoteli na nyumba za kulia chakula. Sheria hiyo humlinda mpangaji asiye na mapatano ya maandishi, na hata mwenye nayo, ikiwa muda wake haupiti miaka 5. Kuuzwa kwa jengo hakufuti mapatano hayo; mnunuzi hushika mahali pa mwenyeji wa kwanza, kwa haki zake na kwa wajibu wake.

Basi atakaye kuongeza kodi hana budi kutoa ilani ya maandishi, kwa namna iliyowekwa na sheria, miezi 2 mbele au zaidi. Neno la mdomo halitoshi. Mpangaji naye yampasa kujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi 1. Asipokubali, apeleke shauri kwa baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku iliyotajwa kufika. Mpaka baraza likate shauri, kodi ni ile ya zamani, naye ailipe kwa wakati, kwani deni la miezi 2 laweza kuwa sababu ya kuondolewa. Lakini akinyamaza tu, ilani humshika.

Kwa hiyo yafaa mnunuzi aulize habari za mpangaji na kodi yake kabla ya kutoa fedha, na mpangaji atunze stakabadhi zake zote. Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari.